Je, Wajua? Masale hustawi mlangoni pasipofika jua

Je, wajua kwamba masale, mmea ambao Wachaga wa Kilimanjaro huupanda kuonyesha mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, ndio huo huo unaopamba nyumba na ofisi nyingi za Ulaya? Kitaalamu huitwa Dracaena fragrans. Asili yake ni chini ya miti mirefu ya misitu ya Afrika, kwa hiyo haukuzoea jua kali. Kwa baraza lenye kivuli, mahali ambapo bogenvilia hugoma kutoa maua, sioni wa kuushinda. Tena ni mmea wenye heshima: Mchaga aliyekosa hupeleka jani la masale kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito.

Mche hautakugharimu kitu ukiwa na jirani mwema. Kipande cha shina kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huota mizizi, na mmea uliorefuka mno ukikatwa huchipua upya chini ya mkato.

Kinachouua zaidi ni maji mengi. Chungu kiwe na matundu, udongo uchanganywe na mchanga na mboji, na usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Ncha za majani zikigeuka kahawia, chunguza maji: floraidi huudhuru, na visima vingi vya Arusha vinayo kwa wingi. Afadhali ukinge maji ya mvua. Na kama unafuga mbwa au paka, weka chungu mbali nao, kwani majani yake huwadhuru wakiyatafuna.