Sola: Volti nyingi si umeme mwingi

MVUA nyingi za Milima ya Upare huishia kwenye miteremko ya mashariki. Mji wa Same, ulio magharibi, hubaki na jua kali, ndiyo maana sola ni biashara inayoeleweka huko. Kwa mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, ambako ukungu hupunguza mwanga, kila wati ina thamani zaidi.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hulipa baada ya muuzaji kuweka kipimo na kuonyesha volti 21. Nyumbani, taa inafifia. Sababu mojawapo huwa ndani ya seli zenyewe.

Silikoni tupu hung'aa na kurudisha takriban theluthi moja ya mwanga unaoiangukia. Kiwandani hupakwa utando mwembamba wa silikoni naitraidi, wenye unene wa nanomita 75 hadi 80. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo takriban mara 1,000. Utando huo ndio unaoipa seli rangi ya buluu, na huifanya inywe mwanga mwingi zaidi.

Tatizo ni kwamba utando huo haupitishi umeme. Kwa hiyo mistari ya madini ya fedha huchapwa juu yake, kisha seli hupitishwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 700 ili fedha ipenye na kuigusa silikoni. Joto likipungua, utando hubaki katikati na ukinzani hupanda. Likizidi, fedha huzama mno na umeme huvujia ndani.

Hasara yake inapigiwa hesabu. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5.5 hivi. Ukinzani wa ziada wa nusu omu hula 5.5 mara 5.5 mara 0.5, yaani wati 15, zinazogeuka joto bure. Waya mwembamba au kiungio kilicholegea huleta hasara ileile.

Kipimo cha dukani hakiwezi kuona hasara hiyo, kwani paneli isiyobeba mzigo haipitishi umeme wowote, na ukinzani haupati cha kula.

Nini kifanyike? Mnunuzi aombe paneli mbili za wati sawa zipimwe kwa zamu, saa sita mchana, zikiwa na mzigo uleule. Azidishe volti kwa ampea apate wati, kisha achague iliyotoa zaidi. Asishangae zote zikiwa chini ya wati zilizoandikwa: kiwandani hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hupunguza takriban asilimia 0.4.

Aidha, paneli isafishwe kwa maji na kitambaa laini. Mchanga na majivu hukwaruza kioo, na mwanga uliozuiwa na mikwaruzo haugeuki umeme. Muuzaji anayekataa kupima kwa mzigo, ni heri kumpita na kwenda duka linalofuata.