Mnadhimu wa Ndege za Hitler: Habari za Jemadari Hans Jeschonnek

Watu wengi wasikiapo habari za vita vya eropleni huwafikiri marubani tu, wale warukao na kushambuliana mawinguni. Lakini kila jeshi la ndege lina maofisa wengine wasiosikika sana, ambao kazi yao ni ya meza, ramani na hesabu. Hao huitwa wanadhimu. Wao ndio wanaokadiria ni ndege ngapi zitahitajiwa, mafuta kiasi gani, mabomu mangapi, na marubani wangapi wafundishwe ili kujaza nafasi za watakaokufa. Rubani akikosea, huanguka yeye na wenzake waliomo ndegeni. Mnadhimu akikosea hesabu, huangamia maelfu ya watu ambao hata jina lake hawajapata kulisikia.

Mwanadhimu wa namna hiyo alikuwa Hans Jeschonnek, Mnadhimu Mkuu wa Jeshi la Ndege la Ujerumani tangu 1 Februari 1939 hata kufa kwake mwezi wa Agosti 1943. Alizaliwa 9 Aprili 1899 katika mji wa Hohensalza, ambao siku hizo ulikuwa wa Prussia, na sasa ni mji wa Poland uitwao Inowrocław. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini angali mvulana, akapewa uofisa akiwa na umri wa miaka 15 tu. Mwaka 1917 alihamia kwenye ndege, akaangusha mbili za adui kabla ya vita kwisha.

Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliwakataza Wajerumani kuwa na ndege za vita. Hata hivyo jeshi dogo waliloachiwa liliendelea kuwafundisha maofisa wake kazi ya unadhimu kwa siri, na Jeschonnek alimaliza mafunzo hayo mwaka 1928 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Hitler aliposhika serikali mwaka 1933, na Hermann Göring akaanza kuunda jeshi jipya la ndege, kijana huyo mwenye akili nyingi alifanywa msaidizi wa Erhard Milch, aliyekuwa mkubwa katika wizara ya ndege. Baadaye wawili hao walikosana vibaya. Chuki yao iliyadhuru mambo mengi, kwa kuwa mmoja alikuja kusimamia vita na mwingine kusimamia viwanda.

Alipopata ukuu alikuwa hajatimiza hata miaka 40. Wapo walioona kwamba alipandishwa upesi mno. Majemadari aliowatumia maagizo walikuwa wamemzidi umri na cheo, na juu yake alikaa Göring, mtu aliyependa fahari kuliko kazi, ambaye mara nyingi alimpita Jeschonnek na kutoa amri zake mwenyewe kwa njia ya maofisa aliowapenda.

Kosa lake kubwa lilianza kabla ya risasi ya kwanza kulia. Jeschonnek alimwamini Hitler kwa moyo wote, na Hitler alisema kwamba vita vitakuwa vifupi. Basi jeshi lote la ndege lilipangwa kwa vita vifupi: ndege nyingi zipelekwe mbele mara moja, akiba iwe ndogo. Jemadari Walther Wever, aliyekuwa wa kwanza kuongoza wanadhimu wa jeshi hilo, alitaka Ujerumani iwe na eropleni kubwa za injini nne, ziwezazo kufika kwenye viwanda vya adui vilivyo mbali. Wever alikufa katika ajali ya ndege huko Dresden tarehe 3 Juni 1936, na mwaka uliofuata Göring akaisimamisha kazi hiyo. Jeschonnek hakuisikitikia. Yeye alitumaini zaidi ndege zinazoshuka kichwa chini kama mwewe na kuachia bomu karibu na shabaha. Imani hiyo ilipita kiasi, hata ikaamriwa kwamba ndege kubwa nazo ziweze kushuka hivyo. Eropleni moja iliyoitwa He 177 iliundwa kwa ajili hiyo, injini zake nne zikiunganishwa mbili mbili, nazo zikawa na tabia ya kushika moto angani.

Mwanzoni ilionekana kana kwamba yeye na Hitler wamesema kweli. Poland ilianguka mwaka 1939, na Ufaransa mwaka 1940. Warszawa, Rotterdam na Belgrade zilipigwa kutoka angani, na raia wengi wakafa. Lakini juu ya Uingereza mwaka 1940 ndege za Ujerumani hazikuweza kushinda. Mwezi wa Septemba Jeschonnek alimwomba Hitler ruhusa ya kupiga mitaa wanakoishi watu wa London. Wakati ule Hitler hakukubali, akitaka viwanda na reli vipigwe kwanza. Lakini mabomu yaliyokuwa yakianguka usiku hayakuchagua nyumba, na maelfu ya watu waliuawa. Jambo hili halifai kusahauliwa na yeyote atakayemwonea huruma Jeschonnek kwa mambo yaliyompata baadaye.

Mwaka 1941 Ujerumani iliishambulia Urusi, na vita vifupi vikawa virefu. Katika majira ya baridi ya 1942 Wajerumani wapatao 100,000 walizingirwa mahali paitwapo Demyansk, wakalishwa kwa ndege miezi kadhaa mpaka njia ikafunguliwa. Hapo ndipo mtego ulipojificha. Mwezi wa Novemba 1942 jeshi la Paulus, lililokuwa kubwa zaidi ya mara mbili, lilipozingirwa Stalingrad, Hitler aliuliza kama laweza kulishwa vivyo hivyo. Jeschonnek alijibu kwa haraka kwamba laweza. Alipopiga hesabu tena aliona amekosea, akamweleza Göring, lakini Göring hakutaka jibu libatilishwe, naye mwenyewe akamhakikishia Hitler kwamba kazi itafanyika.

Na hesabu ilikuwa hivi. Jeshi lile lilihitaji tani 300 kila siku kwa uchache, ili lisife njaa na liwe na risasi za kupigana. Lilipata kwa wastani kama tani 100 na kitu. Theluji, ukungu, mizinga na ndege za Warusi viliharibu karibu ndege 500. Kulisha jeshi kwa ndege si jambo lisilowezekana: askari wa Afrika Mashariki waliopita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 walishushiwa posho zao kutoka angani wakati wa mvua kubwa. Lakini huko ndege za adui zilikuwa zimekwisha shindwa, na jeshi lenyewe lilikuwa likisonga mbele. Huko Stalingrad hapakuwa na lolote katika hayo. Tarehe 2 Februari 1943 mapigano yalikoma, na Wajerumani wapatao 91,000 wakachukuliwa mateka. Walio wengi hawakuona kwao tena.

Tena ndege zile za mizigo, pamoja na walimu wa marubani, zilikuwa zimechukuliwa kutoka katika shule za urubani. Ni kama mkulima anayepika mbegu kwa sababu wageni wamefika. Marubani wapya wa Ujerumani walipelekwa vitani wakiwa wamefundishwa saa chache kuliko wale wa Uingereza na Marekani, na wengi waliuawa mapema.

Kufikia mwaka 1943 Jeschonnek alikuwa amechoka. Göring alimlaumu mbele ya watu kwa makosa ambayo mengine yalikuwa ya Göring mwenyewe. Aliomba apelekwe vitani akaongoze kundi la ndege, hakuruhusiwa. Mwishoni mwa Julai mji wa Hamburg uliteketezwa kwa mabomu ya moto. Tarehe 17 Agosti Wamarekani walipiga mchana viwanda vya Schweinfurt na Regensburg, na usiku ule ule ndege 596 za Waingereza zikaenda kupiga Peenemünde, mahali palipotengenezwa makombora ya siri. Ndege chache za Waingereza zilitumwa Berlin ili kudanganya, na ndege za ulinzi za Wajerumani zikakusanyika huko, zikapigwa na mizinga ya Wajerumani wenyewe.

Asubuhi ya 18 Agosti 1943 Jeschonnek alijiua kwa bastola katika makao yake karibu na Goldap, Prussia ya Mashariki, akiwa na umri wa miaka 44. Aliacha maandishi kwamba hawezi tena kufanya kazi na Göring. Göring aliyaficha, watu wakatangaziwa kwamba jemadari amekufa kwa ugonjwa wa tumbo, na tarehe ya kifo ikasogezwa mbele siku moja ili isifikiriwe kuwa inahusiana na Peenemünde.

Nafasi yake ilishikwa na Jemadari Günther Korten, aliyejitahidi kurudisha ndege nyumbani ziilinde Ujerumani yenyewe. Huyo naye alijeruhiwa na bomu lililotegwa kumwua Hitler tarehe 20 Julai 1944, akafa siku mbili baadaye.