Kususia kwa sanaa: kwa nini wasanii wanagoma kwa ajili ya Wapalestina?

Desemba 2025 tulisoma kwenye taarifa ya habari kwamba Hispania, Ireland, Uholanzi na Slovenia zimejitoa kwenye Eurovision, mashindano makubwa ya nyimbo ya Ulaya. Siku chache baadaye Iceland nayo ikajitoa. Jioni ile ile ya taarifa ya kwanza, simu ya studio ilianza kupokea ujumbe, na mmoja ulikuwa mfupi sana: "Sasa wimbo umemkosea nani?"

Swali ni zuri, na dakika tatu za hewani hazikutosha kulijibu. Tunajaribu hapa.

Kususia si jambo geni kwetu. Mtu asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake, siku ya msiba wake hukuta watu wachache. Hapigwi wala hatukanwi, ila anajua amefanywa nini. Kwenye sanaa ni hivyo hivyo: mwimbaji anakataa mwaliko, mwandishi hauzi haki ya kutafsiri kitabu chake, mtengeneza filamu hapeleki kazi yake kwenye tamasha fulani.

Kwa upande wa Wapalestina, wito huu ulianza mwaka 2004, wasomi na wasanii walipounda kampeni inayojulikana kwa kifupi kama PACBI. Julai 2005 mashirika mengi ya kiraia ya Kipalestina yakatoa wito mpana zaidi, unaoitwa BDS: kususia, kuondoa mitaji na kuweka vikwazo dhidi ya Israel. Madai ni matatu: Israel iache kukalia kwa nguvu ardhi ilizoteka 1967, Waarabu walio raia wa Israel wapewe haki sawa, na wakimbizi wa Kipalestina waruhusiwe kurudi makwao.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, na ujumbe unaozunguka kwenye WhatsApp haujasaidia. Kwa mujibu wa miongozo ya PACBI, kinachosusiwa ni taasisi na kazi zinazofadhiliwa na dola au kutumika kuisafishia jina. Mtu hasusiwi kwa sababu tu ni Mwisraeli au Myahudi. Mfano mzuri ni wa Sally Rooney, mwandishi wa riwaya wa Ireland. Mwaka 2021 alikataa kuliuzia shirika moja la uchapishaji la Israel haki ya kutafsiri riwaya yake mpya kwa Kiebrania. Wengi wakasema anakataa lugha ya Kiebrania. Yeye akaeleza kwamba yuko tayari kitabu kitafsiriwe kwa Kiebrania, mradi njia ipatikane isiyovunja wito wa kususia.

Waliobuni wito huu hawakuficha walikojifunzia: Afrika Kusini, wakati wa makaburu. Na habari hiyo ina mkono wa Tanzania.

Mwaka 1954 padre Mwingereza aliyehudumu Sophiatown, Johannesburg, aliandika kwenye gazeti la The Observer la London akiwaomba wasanii wasiende kutumbuiza Afrika Kusini. Jina lake Trevor Huddleston. Wazee wa Masasi wanalijua jina hilo, kwa sababu kuanzia 1960 hadi 1968 alikuwa askofu wao wa Anglikana. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano London, Huddleston na Julius Nyerere walikuwa miongoni mwa wazungumzaji siku ulipozinduliwa mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru.

Baada ya hapo vyama vya wasanii vikaingia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliamua mwaka 1961 kwamba wanachama wake wasifanye kazi Afrika Kusini. Desemba 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaziomba nchi zisitishe mahusiano ya utamaduni, elimu na michezo na serikali ile. Lakini fedha ilikuwa na nguvu yake. Hoteli ya kitalii ya Sun City, yenye kasino, iliwalipa vizuri mastaa wa Ulaya na Marekani, na wengi walikwenda. Kuanzia 1983 Umoja wa Mataifa ukawa unachapisha orodha ya waliokwenda. Aliyeahidi kutorudi, jina lilifutwa.

Haikuwa safari nyoofu. Mwaka 1985 Paul Simon wa Marekani alikwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki weusi, na mwaka uliofuata ikatoka albamu yake Graceland. Wapo waliosema amevunja mgomo. Wapo waliosema ameupeleka muziki wa watu weusi duniani. Miriam Makeba na Hugh Masekela, ambao wote walikuwa wakiishi uhamishoni, waliungana naye jukwaani kwenye ziara yake ya 1987. Hatutakuambia kwamba nyimbo ndizo zilizowaangusha makaburu. Mapambano ya wananchi wenyewe na vikwazo vya uchumi vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Ila kususiwa kuliwanyima kile walichokitaka sana, kuonekana ni nchi ya kawaida.

Hoja hiyo ndiyo inayotumika leo. Mwaka 2015 wasanii zaidi ya 700 Uingereza walitia saini ahadi ya kutofanya kazi na taasisi za dola ya Israel. Mwaka 2017 mwimbaji Lorde wa New Zealand alifuta onyesho lake la Tel Aviv, wakati mwaka huo huo kundi la Radiohead lilikwenda licha ya kuombwa lisiende. Vita vya Gaza vikaongeza idadi. Oktoba 2024 waandishi zaidi ya 1,000 walitangaza kususia taasisi za vitabu za Israel zinazoshiriki au kunyamazia ukandamizaji wa Wapalestina. Septemba 2025 ikawa zamu ya maelfu ya watu wa filamu.

Kuhusu Eurovision, wanaosusa wanauliza: mbona Urusi iliondolewa 2022 baada ya kuivamia Ukraine?

Upande wa pili una hoja zake, na si za kupuuza. Waandishi na watu wengine wa sanaa zaidi ya 1,000, akiwemo Lee Child, walipinga tangazo la 2024. Bunge la Ujerumani lilipitisha azimio mwaka 2019 likisema mbinu za BDS ni chuki dhidi ya Wayahudi. Watengeneza filamu wa Israel wanalalamika kwamba wanaoumizwa ni wale wale wanaoikosoa serikali yao. Septemba 2025 filamu ya The Sea, inayohusu mtoto wa Kipalestina anayetamani kuiona bahari, ilishinda tuzo kuu ya filamu ya Israel. Waziri wa utamaduni akatangaza kukata fedha za tuzo hizo.

Kuna pia filamu ya No Other Land, iliyotengenezwa na Wapalestina na Waisraeli pamoja kuhusu nyumba zinazobomolewa Ukingo wa Magharibi. Machi 2025 ilipata tuzo ya Oscar. Waziri yule yule aliilaani. Siku chache baadaye PACBI nayo ikasema filamu hiyo imekiuka miongozo yake. Sisi tunaona hapo kanuni ilibana mno, na kuna Wapalestina walioona hivyo pia.

Tunajua si kila msikilizaji yuko upande mmoja. Katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, waliuawa watu wapatao 1,200, na vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo walipoteza maisha. Gaza, wizara ya afya ya huko imehesabu vifo zaidi ya 70,000. Tulipotangaza habari za vijana wale tulipokea simu za kilio, na tulipotangaza za Gaza tulipokea simu za kilio vilevile.

Msikilizaji mwingine ameuliza kama redio yetu itaacha kupiga nyimbo za Waisraeli. Kwa kweli hatujawahi kuwa nazo nyingi. Kwa miongozo tuliyoieleza, wimbo wa mtu binafsi hausisiwi kwa sababu ya pasi yake ya kusafiria. Kutangaza tamasha lililolipiwa na serikali ya Israel ni jambo jingine, na mwaliko wa namna hiyo haujafika mezani kwetu.