Dawa ya Chunusi Huanza kwa Uchungu

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, majuzi jioni nilikuwa barazani napunga upepo, mara akaingia mpwa wangu, binti wa dada yangu, amejitanda khanga mpaka machoni. "Shikamoo, mjomba," akaniamkia, kisha akaenda kukaa upande wa giza. Nikamwuliza kama anaumwa. Hakujibu, akafunua khanga. Mashavu yalikuwa yamebabuka kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto, na juu yake vipele vimetapakaa.

Kisa chake ni hiki. Tangu akiwa kidato cha pili anasumbuliwa na chunusi. Mwaka jana alikwenda duka moja la dawa, akauziwa tyubu ya krimu iitwayo tretinoini. Muuzaji alipokea fedha, akafunga mfuko, basi. Binti akaipaka asubuhi na jioni, kwa wingi, kama apakavyo mafuta ya mgando. Juma la pili uso ukakauka, ukaanza kuchunika, na chunusi zikazidi. Akaitupa jalalani.

Rafiki yake akampeleka sokoni kwa muuza krimu, akapewa kikopo kisicho na jina wala maandishi. Siku ya tano uso ukawa laini na chunusi zimenywea. Miezi minne baadaye ndiyo akaja kwangu na khanga usoni. Jua linamchoma, chunusi zimerudi kwa kishindo, na kila akijaribu kuacha kupaka, uso unawaka moto.

"Mjomba," akaniuliza, "ile ya dukani iliniharibu, ya sokoni ikanitibu. Sasa mbona mambo yamegeuka?"

Nimeona swali hilo nilijibu mbele yenu nyote, maana naamini katika kila mtaa wa mji huu yumo mwenye swali kama lake.

Tuanze na chunusi yenyewe. Kila kinyweleo usoni kimeota katika kitundu chake, na pembeni ya kitundu kuna tezi inayotoa mafuta ya ngozi. Mtu anapobalehe tezi hizo hutoa mafuta mengi zaidi. Wakati huo huo chembe za ngozi zilizokufa, ambazo zingepaswa kupukutika, hugandamana na kuziba mlango wa kitundu. Mafuta hukwama ndani, bakteria hustawi humo, kisha huja uvimbe na usaha. Kwa hiyo chunusi si uchafu, na kujisugua kwa sabuni kali hakuiondoi.

Tretinoini ni tindikali inayotokana na vitamini A. Pamoja na ndugu zake, kama adapalini, dawa hizi huitwa retinoidi. Hupenya mpaka katika kiini cha chembe ya ngozi na kuibadilishia mwendo wake: chembe huzaliwa na kupukutika kwa utaratibu, nazo haziendelei kugandamana. Mlango wa kitundu unazibuka, na vitundu vipya havizibi. Lakini kazi hiyo huanza kwa vurugu. Majuma ya mwanzo ngozi hukauka, huwasha, huchunika, na chunusi zilizokuwa zikijiandaa chini huweza kuibuka kwa pamoja. Nafuu ya kuonekana huja baada ya majuma 8 hadi 12. Mpwa wangu aliitupa dawa ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza kazi, tena alikuwa akiitumia kupita kiasi.

Na kile kikopo cha sokoni? Mkorogo wa namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, pengine pamoja na hidrokwinoni au zebaki. Steroidi huzima uvimbe kwa siku chache, na ngozi hung'aa. Lakini huku inazima, inaikondesha ngozi, na mwisho yenyewe huzaa chunusi za aina yake. Ukiacha ghafla, uvimbe hurudi na hasira yake yote. Zebaki nayo hupita katika ngozi na kuharibu figo.

Hapo ndipo penye mtego, ndugu msikilizaji. Dawa ya kweli ilianza kwa uchungu, na ile ya uongo ilianza kwa utamu. Mtu asiyeelezwa atachagua utamu, wala hatuna haki ya kumcheka.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Dawa hii nayo iliundwa, na haifai tufiche ilivyoundwa. Aliyeipa umaarufu ni daktari wa ngozi Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kwamba tindikali ya vitamini A inatibu chunusi, na mwaka 1971 serikali ya huko ikaruhusu iuzwe. Lakini kwa miaka mingi, tangu 1951 hadi 1974, Kligman alifanya majaribio ya dawa na kemikali mbalimbali juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, wengi wao watu weusi, kwa malipo kidogo na bila kuwaeleza sawasawa hatari zake. Utafiti wa tretinoini nao ulipitia humo. Chuo cha udaktari cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022. Kligman alikuwa amekwisha fariki mwaka 2010. Dawa ni nzuri, na waliotoa ngozi zao walidhulumiwa. Yote mawili ni kweli.

Sasa niwageukie wenzangu wenye umri. Wagonjwa wa chunusi waliokuwa watu wazima walianza kusema kwamba mikunjo yao midogo imepungua. Mwaka 1988 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jaribio la majuma 16 kwa watu 30, wakaona ngozi iliyozeeshwa na jua inapata nafuu. Watu wakamiminika madukani. Mwaka 1995 Marekani ikaruhusu krimu ya tretinoini kwa ajili ya mikunjo midogo. Sababu ni kwamba mionzi ya jua huvunja kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi, nayo tretinoini husaidia nyuzi hizo kujengwa upya. Lakini mikunjo mikubwa haiondoi, wala haimrudishi mtu ujanani. Retinoli inayotiwa katika krimu za urembo ni dhaifu zaidi, maana ngozi lazima kwanza iigeuze kuwa tindikali ile.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, adha kubwa ni madoa yanayobaki baada ya chunusi kupona. Mwaka 1993 madaktari hao hao wa Michigan walionyesha, kwa wagonjwa weusi 54 waliotibiwa majuma 40, kwamba tretinoini huyafifisha madoa hayo. Lakini ukiipaka kwa pupa, ngozi ikiungua, majeraha yenyewe huacha madoa mapya.

Basi itumike hivi. Anza na nguvu ndogo, kwa mfano tretinoini ya asilimia 0.025 au adapalini ya asilimia 0.1. Paka usiku tu, kwa sababu mwanga huiharibu tretinoini. Nawa, acha uso ukauke kabisa, kisha chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, ukiepuka macho, midomo na pembe za pua. Mwanzoni paka usiku mmoja, ruka mmoja au miwili. Paka mafuta ya kulainisha ngozi. Mchana jikinge na jua kwa krimu ya kinga, kofia au mwavuli. Mama mjamzito au anayetarajia kubeba mimba asiitumie, amwone daktari apewe nyingine. Na anayepaka mkorogo asiuache peke yake bila ushauri wa daktari wa ngozi.

Mpwa wangu nilimpeleka kliniki ya ngozi. Daktari alikinusa kile kikopo, akatikisa kichwa, akampangia namna ya kuiachisha ngozi ile steroidi kidogo kidogo. Alimwambia itachukua miezi, na kwamba tretinoini itasubiri mpaka ngozi ipate nguvu. Binti aliuliza swali moja tu: "Kwa nini yule wa dukani hakuniambia?"

Daktari hakuwa na jibu, nami sina. Ninachoweza kufanya ni kuwaomba ninyi mnaouza dawa: mnapotoa tyubu ile, toeni na dakika mbili za maelezo. Mwambieni mteja kwamba juma la pili litakuwa baya, na kwamba asikate tamaa. Maneno hayo hayauzwi, lakini bila hayo dawa itaishia jalalani, na mteja ataishia sokoni.

Kwa leo naishia hapo.