Dhima ya Kumbukumbu Tendaji katika Ukumbukaji wa Baadaye wa Taarifa

Kumbukumbu tendaji ni uwezo wa akili wa kushikilia taarifa chache kwa muda mfupi huku ikizitumia, kama afanyavyo mtu anayepiga hesabu bila karatasi. Baddeley na Hitch (1974) waliieleza kuwa mfumo wa sehemu tatu: kitanzi cha kifonolojia kinachotunza sauti za maneno, sehemu inayotunza taswira, na msimamizi mkuu anayegawa umakini. Suala la msingi ni iwapo taarifa hukumbukwa baadaye kwa sababu ilishikiliwa kwa muda mrefu, au kwa sababu ya namna ilivyoshughulikiwa.

Craik na Watkins (1973) waliwapa washiriki orodha za maneno, wakawataka wataje neno la mwisho lililoanza na herufi fulani. Kila neno la herufi hiyo lilishikiliwa akilini hadi jingine liliposikika. Baadhi yalikaa kwa muda mrefu, mengine yaliachwa upesi. Washiriki walipoombwa baadaye, bila kutarajia, kuyakumbuka maneno yote, urefu wa muda huo haukuleta tofauti.

Matokeo ya McCabe (2008) yanaongeza hoja nyingine. Maneno yaliyopishanishwa na hesabu yalikumbukwa kwa uchache papo hapo kuliko yaliyotolewa mfululizo, lakini baadaye yakakumbukwa zaidi. Kwa maelezo yake, hesabu iliondoa neno kwenye umakini, hivyo mshiriki akalazimika kulirejesha; urejeshaji huo ndio ulioliimarisha.

Hata hivyo, si sahihi kuhitimisha kuwa kurudiarudia sauti hakuna kazi. Baddeley, Papagno na Vallar (1988) walimchunguza P.V., mgonjwa Mwitalia ambaye kitanzi chake cha kifonolojia kilikuwa kimeathirika. Alijifunza jozi za maneno ya Kiitaliano kama watu wengine, lakini alishindwa kujifunza maneno ya Kirusi aliyosomewa. Neno lenye maana inayojulikana lina pa kujishikiza. Neno geni lina sauti yake tu.

Kwa hiyo, kukariri kunafaa pale msamiati mpya unapoingia, ila hakutoshelezi pale maarifa yanapotakiwa kudumu. Aidha, jaribio linalotolewa punde baada ya somo laweza kumpotosha mwalimu, kwani mbinu inayoleta alama za juu siku hiyo si lazima iwe ndiyo itakayomsaidia mwanafunzi kukumbuka baadaye.