Hayati, Marehemu na Kitenzi cha Kifo: Lugha ya Kuwaenzi Viongozi Waliotangulia

Kiongozi anapofariki, kazi ya kwanza ya kumuenzi hufanywa na lugha. Kabla kaburi halijachimbwa, tanzia imekwisha kutangazwa, na ndani yake yamekwisha kuamuliwa mambo mawili: jina la heshima atakaloitwa marehemu, na kitenzi kitakachosimulia kifo chake. La kwanza hujadiliwa mara kwa mara na wapenzi wa Kiswahili. La pili hupita bila kuangaliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba heshima ya aliyekufa imo zaidi katika kitenzi kuliko katika jina.

Ama kuhusu jina, maneno yatumikayo sana ni mawili: marehemu na hayati. Yote mawili yametokana na Kiarabu, lakini yamepitia njia mbalimbali. Marehemu ni ndugu wa rehema. Maana yake ni aliyerehemewa, na kwa hiyo neno hili ni dua kabla ya kuwa cheo. Dua hiyo humfaa kila maiti, awe mvuvi au waziri. Hayati, kwa upande wake, asili yake ni uhai. Katika matumizi ya siku hizi limeelekea kutengewa watu mashuhuri, kana kwamba kusema kuwa sifa zao zingali hai. Wapo walalamikao kwamba ni kinyume kumwita mfu kwa neno la uhai. Lakini maana ya neno huamuliwa na watumiaji wake, wala si na asili yake peke yake. Kisarufi pia maneno haya hayalingani. Marehemu laweza kusimama pweke: “Marehemu ameacha mjane na watoto watatu.” Hayati aghalabu hufuatwa na jina la mtu: hayati Mzee Jomo Kenyatta, hayati Wangari Maathai. Moja humtaja mtu katika msiba wake. Jingine humtaja katika historia.

Kuwapanga wafu kwa madaraja si jambo la lugha tu. Miongoni mwa Wagiriama, mtu wa kawaida alikumbukwa kwa koma, kijiti kidogo kilichosimikwa ardhini, ilhali mwanachama wa chama cha Gohu alichongewa kigango kirefu kilichonakshiwa. Hata hivyo, daraja la neno si imara kama mti uliosimikwa. Baada ya kifo cha Rais John Magufuli wa Tanzania mnamo Machi 2021, baadhi ya wasemaji walimtaja kwa neno mwendazake, na neno hilo, ambalo kwa umbo lake halina tusi lolote, likazua ubishi kwa sababu ya kejeli iliyosikika ndani yake. Jina la heshima, basi, hutegemea nia ya anayelitamka.

Kitenzi ni jambo jingine, kwa kuwa hicho hudai ukweli. Kiswahili kina vitenzi na mafungu mengi ya kutajia kifo, na kila kimoja humpa maiti nafasi yake katika sentensi. Katika “aliaga dunia” maiti ni mtenda: ameondoka kwa adabu, kama mgeni. “Alifariki” huonyesha utengano tu, bila kuuliza sababu. “Alitutangulia” huwaweka waombolezaji katika msafara huo huo. “Mauti yalimpokonya” humpa kifo chenyewe utendaji. “Alipoteza maisha” humfanya maiti mwenyewe kuwa mpotezaji. “Aliuawa” peke yake ndicho kitenzi cha kutendwa, na kila kitenzi cha kutendwa huacha nafasi wazi baada ya na: aliuawa na nani?

Tafsida hizi zina kazi njema. Matangani, mbele ya mjane na yatima, si ubinadamu kutaja risasi au damu. Wala hazina udanganyifu pale ambapo kifo kilikuwa cha kawaida: kusema kwamba Mzee Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 ni kusema kweli tupu. Tatizo huzuka tafsida inapohama matangani na kuingia katika wasifu, kitabu cha shule au maandishi ya kaburini. Pio Gama Pinto alipigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Tom Mboya naye tarehe 5 Julai 1969, mjini humo humo. Mwili wa J. M. Kariuki ulipatikana Ngong mwezi Machi 1975. Ule wa Dakta Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, ulipatikana Februari 1990 karibu na Got Alila, si mbali na nyumbani kwake Koru. Kwa vifo vya Kariuki na Ouko, hakuna aliyepatikana na hatia mahakamani. Mwandishi anayesema kwamba watu hawa “walituacha” au “walitutangulia” hakosei sarufi. Lakini ameifunga nafasi ambayo kitenzi cha kutendwa kingeiacha wazi, na pamoja nayo swali ambalo taifa bado linadaiwa jibu lake. Kumwita mtu hayati kisha kuficha namna alivyokufa ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang’anya kwa mwingine.

Kwa hiyo yafaa kutofautisha nyakati mbili za kuenzi. Tanzia na taazia ni lugha ya faraja, na tafsida ni haki yake. Wasifu na historia ni lugha ya ushahidi. Humo kitenzi kilingane na tukio, hata kama jina la heshima litabaki vile vile. Wahenga walisema kwamba maiti haulizwi sanda. Maneno nayo ni sanda, na kwa kuwa mwenyewe haulizwi, dhima yote imo mikononi mwa anayemvika.