Makaroni ya karanga na marakuja: kitafunwa kisichodai ngano ufukweni mwa Tanganyika

Rumonge. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya ufukweni, ziwa likiwa kulia na milima kushoto, unafika Rumonge baada ya kilomita kama 75. Mji huu, ambao tangu mgawanyo mpya wa 2025 umo katika mkoa wa Burunga, unajulikana kwa vitu viwili: mawese na samaki. Ndagala wa hapa ndiye dagaa wa Kigoma, na mukeke wa hapa ndiye mgebuka wa Kigoma. Ziwa ni moja, majina ndiyo yanayobadilika unapovuka mpaka.

Makala haya yanahusu kitu ambacho wengi hawakitarajii Rumonge. Ni makaroni, kile kibiskuti cha Kifaransa cha rangi rangi: maganda mawili ya mviringo yaliyobana kijazo cha tunda katikati. Msomaji asichanganye na tambi. Majina hayo mawili yana asili moja, neno la Kiitalia, lakini tambi ni unga wa ngano na maji, na makaroni tunayoizungumzia haina ngano hata chembe.

Hapo ndipo penye habari kwa Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula inatoka nje ya ukanda huu. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na mama anayekaanga maandazi kando ya barabara akalipia vita asivyovijua. Burundi ina mzigo wa ziada: uhaba wa fedha za kigeni, ambao umefanya kila kinachoagizwa kutoka nje, kuanzia mafuta ya gari, kuwa cha kubahatisha. Kitafunwa kinachoweza kutengenezwa kwa karanga, mayai na matunda ya hapa hapa kinastahili kuangaliwa kwa makini, hata kama kina jina la Paris.

Watawa wawili na tanuri lao

Makaroni haikuanzia kwenye maduka ya kifahari. Mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, nyumba za watawa zilifungwa. Katika mji wa Nancy, watawa wawili waliobaki bila makao wala kipato walianza kuoka na kuuza makaroni za lozi walizokuwa wakizitengeneza kwenye nyumba yao ya utawa. Biashara ikashika, na leo kuna mtaa mjini humo wenye jina lao.

Makaroni ya Nancy ni ganda moja tu, limepasuka pasuka juu, halina kijazo wala rangi. Ile ya maganda mawili yaliyoshikana ilienea Paris mwanzoni mwa karne ya 20, na nyumba ya Ladurée ndiyo iliyojijengea jina kwayo. Kwa anayeanza, tofauti hii ina maana kubwa. Ile ya Paris inasumbua hata wapishi wa hoteli. Ile ya Nancy ilitengenezwa na watu wawili wenye tanuri la kuni, mayai, sukari na shida ya kula kesho.

Ukiiangalia vizuri, makaroni si mgeni kabisa pwani hii. Wafanyabiashara wa Ujiji walipokuwa wakipita ziwani karne ya 19, walileta Kiswahili na Uislamu kwenye ufukwe wa Burundi, na Rumonge bado ni miongoni mwa miji ya nchi hiyo ambako Kiswahili kinasikika sokoni kila siku. Popote Kiswahili kilipofika, kashata imefika: karanga au nazi iliyoshikanishwa kwa sukari. Makaroni ni binamu wa kashata. Kilichoongezeka ni ute wa yai na moto wa kuzunguka pande zote.

Karanga badala ya lozi

Lozi hailimwi hapa. Ikipatikana Bujumbura, ni ya kuagizwa na bei yake si ya mtu wa kawaida. Karanga inalimwa Burundi na katika nchi zote jirani. Kwa muoaji, jambo la kufurahisha ni kwamba zote mbili zina mafuta yanayokaribia nusu ya uzito wake, hivyo karanga inaweza kushika nafasi ya lozi bila kubadili vipimo sana. Ladha itakuwa ya karanga, na hilo si kosa.

Kazi iko kwenye kusaga. Karanga ikisagwa mfululizo inageuka siagi, na siagi haiwezi kuwa makaroni. Ikaange kwa moto mdogo bila kuiunguza, menya maganda mekundu, iache ipoe kabisa, kisha isage kidogo kidogo pamoja na sehemu ya sukari. Sukari inanyonya mafuta na kuutenga unga. Chekecha, na chenga zilizobaki zirudishe kwenye kinu.

Sukari ya unga ya dukani si lazima. Sukari ya kawaida, ikiwemo ile ya kiwanda cha SOSUMO kilichoko kusini-mashariki mwa nchi, ikisagwa sana na kuchanganywa na kijiko kimoja cha wanga wa muhogo, inafanya kazi ileile. Tatizo la sukari ni kupatikana kwake. Imekuwa ikiadimika mara kwa mara Burundi, na katika forodha ya Jumuiya ni bidhaa nyeti: ile inayotoka nje ya ukanda inatozwa ushuru wa asilimia 100. Kwa hiyo mwokaji atafute sukari kwanza, ndipo avunje mayai.

Namna ya kuoka kwa mkaa

Anza na ya Nancy. Chukua unga wa karanga gramu 125, sukari iliyosagwa gramu 150 na ute wa mayai 2. Koroga bila kuupiga ute, upate mchanganyiko mzito unaoshika kijiko. Dondoshea vijiko vidogo kwenye karatasi ya kuokea, ukiacha nafasi kati yao, na uoke hadi juu pakauke na kupasuka.

Ukishaizoea, panda daraja. Kwa maganda ya Paris: unga wa karanga gramu 130, sukari ya unga gramu 130, ute gramu 100 (mayai 3 makubwa) na sukari ya kawaida gramu 90. Piga ute peke yake hadi uwe povu, ongeza sukari ya kawaida kidogo kidogo, endelea hadi povu lisimame wima ukiinua mwiko. Changanya na vitu vikavu kwa kukunja, si kwa kukoroga. Acha pale mchanganyiko unapodondoka kutoka kwenye mwiko kama utepe mnene usiokatika haraka. Ukikunja mno, maganda yatatambaa kama chapati. Ukikunja kidogo mno, yatabaki na vichwa vilivyochongoka.

Dondoshea miduara ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda au zaidi kidogo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Burundi na Tanzania, kwa hiyo karatasi ngumu iliyokunjwa kama kofia ya sherehe inatosha kumiminia. Kisha acha miduara ikauke hadi uso usinate kidoleni. Hapa ziwa linaingilia kati. Siku kavu, dakika 30 hadi 60 zinatosha. Msimu wa mvua, hewa ya ufukweni ikiwa nzito, unaweza kungoja saa mbili na uso bado unanata. Anayeoka kwa biashara Rumonge atapata kazi nyepesi Juni hadi Agosti kuliko Novemba.

Umeme si wa kutegemea, hata kama miradi ipo. Bwawa la Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na mitambo ya Jiji na Mulembwe iliyoko milimani juu ya Rumonge, imeongeza matumaini. Lakini jikoni leo ni imbabura na mkaa. Weka mchanga kwenye sufuria kubwa, juu yake trei, funika, palia makaa machache kwenye mfuniko. Chini moto mdogo, juu moto mdogo zaidi. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 150, na maganda huiva kwa dakika 14 hadi 16. Yameiva pale unapogusa juu na yasitikisike kwenye msingi wake. Yakipata rangi ya kahawia, moto wa juu umezidi.

Tunda liingie wapi

Wengi hukosea kwa kumwaga maji ya tunda kwenye unga wa maganda. Maji yanaua povu la ute. Tunda linaingia kwenye kijazo, na lazima lipungue maji kwanza.

Marakuja, ambayo Tanzania huitwa pasheni au karakara, ina ukali unaokata utamu wa sukari, ndiyo maana inapendeza kuliko matunda mengi. Peke yake haigandi vizuri. Changanya rojo la embe gramu 300 na nyama ya marakuja 4, sukari gramu 150, pika kwa moto wa wastani ukikoroga hadi ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi. Embe lisiloiva sana linasaidia kugandisha. Nanasi linafaa pia, na vivyo hivyo tunda jekundu la umbo la yai ambalo Warundi huliita kwa Kifaransa prune du Japon, jamaa wa nyanya, ukilichemsha kwanza na kulimenya.

Viini vilivyobaki mtu atashawishika kuvipika na marakuja na siagi viwe krimu. Ni tamu, lakini inahitaji friji. Asiye na friji abaki na jemu, na viini aviingize kwenye mayai ya kukaanga ya nyumbani.

Sumukuvu haiogopi oveni

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kufanyiwa mzaha. Karanga iliyovunwa ikiwa mbichi au kuhifadhiwa mahali penye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hiyo inaharibu ini na husababisha saratani. Haionekani, haina harufu, na joto la kuokea makaroni haliiondoi. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania ilipoteza watu kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Ni suala la afya, na ni suala la mpaka pia. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama. Viwango vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kila kilo moja. Jikoni hakuna mizani ya kupima hilo. Kinachowezekana ni kuchambua kwa mkono punje moja moja, kutupa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, kununua karanga yenye ganda badala ya iliyokobolewa zamani, na kuihifadhi juu ya uchaga mahali pakavu. Hatua hizo zinapunguza hatari, hazithibitishi usalama. Uthibitisho unatoka maabara.

Pia mnunuzi aambiwe wazi kwamba ndani kuna karanga. Wapo ambao karanga kidogo tu inawaziba koo.

Kutoka jikoni hadi Kigoma

Kwa macho ya ramani, Rumonge imekaa vizuri. Barabara ya kusini inapitia Nyanza-Lac hadi Mugina, na upande wa pili ni Manyovu, Kigoma. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika umeunganisha katika mpango mmoja barabara ya Nyakanazi, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania na kipande cha Rumonge hadi Gitaza upande wa Burundi. Kwa kuwa Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na vita vimevuruga biashara mashariki ya Kongo, njia ya kusini imezidi kuwa na uzito.

Kanuni za Jumuiya, ambayo Burundi ilijiunga nayo 2007, zina mlango kwa mfanyabiashara mdogo: shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani inaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mlango wa pili ni alama ya ubora. Bidhaa yenye alama ya shirika la viwango la nchi moja, kwa Burundi ni BBN na kwa Tanzania ni TBS, inapaswa kukubalika katika nchi nyingine bila kupimwa upya.

Kwa kampuni yenye ofisi na gari, milango hiyo iko wazi. Kwa mama mwenye imbabura moja na trei mbili, alama ya ubora ina maana ya safari ya Bujumbura, wakati petroli ni ya foleni, na gharama ya vipimo ambayo inaweza kumeza faida ya miezi. Matokeo yake ni kwamba vitafunwa vya nyumbani hubaki vya mtaani, au huvuka mpaka kwenye kikapu, vikitegemea hisani ya ofisa wa zamu.

Suluhisho halihitaji mkataba mpya. Vipo vifaa vidogo vya kupima sumukuvu kwenye punje, vinavyotoa jibu siku hiyo hiyo. Kimoja kikiwekwa kwenye soko la Rumonge na kingine Manyovu, vikihudumia wauza karanga, wasaga unga na waokaji kwa ada ndogo, mchuuzi angejua anachouza na ofisa wa mpakani angekuwa na karatasi ya kusoma. Faida isingeishia kwenye makaroni. Kashata, siagi ya karanga na uji wa watoto wa mchanganyiko wa karanga vyote vinapita kwenye punje hiyo hiyo.

Hadi hapo, anayetaka kujaribu aanze na mayai mawili, ya Nancy, kwa watu wa nyumbani kwake na majirani. Zikipasuka juu, ndivyo zinavyotakiwa kuwa.